Blanketi la Shule Saba za Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Novemba

Leo naanza shajara. Watu wakubwa wote huandika. Nilipokuwa Dubai nikipiga pasi mashuka ya hoteli ya ghorofa thelathini, bosi wetu alikuwa na daftari ya ngozi. Yangu ni ya hesabu, ya miraba. Haidhuru. Kinachoandika ni akili.

Mimi ni Mukhisa, fundi wa yunifomu, Kitale, ghorofa ya kwanza, mlango wa kutazamana na ngazi. Shule niliiachia Kidato cha Pili. Niliiacha mimi, haikuniacha. Kampala nimekaa, Dubai nimekaa. Rangi nazijua.

Mke wangu Viola yuko kwa mama yake, Bungoma, tangu Agosti, pamoja na Ian wetu. Sababu? Cheti! Kanisa lilifanya maonyesho ya ushonaji. Vitambaa vya madhabahu vilishonwa na yeye, sawa, lakini duka ni la nani? Mchungaji akauliza ni nani alibuni. Nikasema mimi. Nikapewa cheti na chupa ya chai. Cheti nimekitundika hapa juu ya meza. Wiki hiyohiyo Viola akafunga mfuko wake wa bluu. Mlangoni akasema neno moja tu, kwamba siku nitakayosema mbele ya watu "huyu ni Viola," atanisikia hata akiwa Bungoma. Mambo ya fumbo. Ndio shida ya kuoa binti ya mwalimu.

Sasa mpango. Mama yake, Mwalimu Bilha, anastaafu. Sherehe ni Jumamosi ya tarehe 22, nyumbani kwake Bungoma. Amefundisha shule saba, kuanzia kule Kwanza, karibu na Kitale, mpaka Naitiri mpaka huko kwao. Na mimi nina gunia zima la vipande vya yunifomu za shule hizo zote saba! Kijani, maruni, bluu ya bahari, drafti ya njano, kila kitu. Nitashona blanketi la viraka. Safu saba, kila shule na safu yake, miraba mitano kwa safu. Mama mkwe atalia. Viola atamwona mama akilia. Ataingia jikoni, atachukua mfuko wa bluu, tutarudi Kitale. Nimemaliza. Hata vitani hupanga hivi.

Kumebaki kuchagua mikanda, yaani vile vitambaa vyembamba vya kutenganisha miraba ili isipigane, na pindo la kuzunguka nje. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Jumatano, 12 Novemba

Miraba thelathini na tano iko tayari. Mikanda pia. Pindo pia. Nimetumia jora la zambarau lililolala chini ya meza miaka minne, tangu shule fulani ibadilishe rangi bila kuniuliza. Mita arobaini! Panya walikuwa wameanza kulizoea. Nimejiambia zambarau ni rangi ya wafalme, na mama mkwe ni mfalme wa aina yake.

Gicheru amekuja kuchungulia. Huyu ni fundi wa mlango wa pili. Ana mashine ya kompyuta inayoandika majina kwenye sweta, basi anafikiri amezaliwa nayo. Amesimama, ameinamisha kichwa, amesema blanketi linafanana na hema la harusi ya watu waliokosana. Nimemwambia arudi kwa kompyuta yake.

Saa tisa amefika baba mdogo, Mzee Khaemba, kutoka Kwanza. Yeye ndiye mshenga wangu. Ndiye aliyenipeleka kwa kina Viola miaka kumi na moja iliyopita, na ndiye atakayesimama nami Jumamosi hiyo. Ameketi, ameangalia blanketi, amevua kofia.

Ameniuliza kama najua Mwalimu alifundisha shule ngapi. Nimesema saba. Amesema nane. Ya nane haitajwi katika nyumba ile. Huko wazazi walikuja na matawi ya miti, wakafunga lango kwa kufuli, wakamwimbia mwalimu mkuu nyimbo za kumfukuza, na mwalimu mkuu alikuwa Bilha. Alitembea kilomita tatu na mkoba wake kichwani kwa sababu hakuna pikipiki iliyokubali kumbeba. Yunifomu ya shule hiyo ilikuwa rangi gani? Zambarau. Mpaka leo, baba mdogo amesema, mama huyo hanunui hata biringanya.

Kumbe hao walibadilisha rangi kwa aibu!

Nikadhani amemaliza. Hajamaliza. Ameuliza tena kwa sauti ya chini, kama daktari, kama nimefikiria kwamba hili ni blanketi. Nikasema ndiyo, blanketi ni blanketi. Akasema kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono, hawaketi benchi moja, na wewe unataka kumpelekea kitu cha kulalia, tena mbele ya hema zima? Nimemweleza kwamba mtu akishavuka Malaba mara kumi na nne, mambo hayo huyaacha mpakani. Akasema sawa, lakini Mwalimu Bilha hajavuka nami.

Akili yangu haichoki. Nimeshona vishikizo sita upande wa juu. Sasa si blanketi. Ni pambo la ukuta.

Baba mdogo amevaa kofia yake akaenda.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku nzima kufumua. Zambarau yote chini. Vidole vimekuwa kama vya mtu aliyechuma pamba.

Jora lililobaki nimelibeba begani mpaka mtaa wa mabanda wa Kipsongo, nikawapa akina mama wa kule. Nguo za watoto ishirini zitatoka humo, na mimi ndiye nitakayezikata, bure. Mmoja amesema Mungu aniongezee. Nimemwambia Mungu ananijua.

Halafu kurudi kwa mikanda. Nimeweka njano. Njano imekula rangi zote ikabaki inang'aa peke yake kama mtu aliyelewa kanisani. Nimeweka kijani. Safu ya Naitiri, ambayo ni ya kijani, imepotea kabisa, ni kama mama mkwe hakufundisha huko. Nimeweka kitambaa cha maua. Kizunguzungu. Nimekaa chini.

Kwa kawaida wakati kama huu Viola husimama pale mlangoni na kikombe chake. Hufinya macho. Husema "hapana." Ninabadilisha. Husema "hapana." Ninabadilisha. Husema "hiyo." Basi. Kazi inatoka. Si kwamba anachagua. Ananisaidia kuona nilichokwisha kuchagua.

Cherehani yake iko kwenye kona, nimeifunika na shuka. Naipaka mafuta kila Jumatatu. Hairuhusiwi kukaliwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Ujanja mkubwa leo. Mtu asome ajifunze.

Peris, anayeuza mboga chini ya ngazi, amenunua laini mpya ambayo Viola haijui. Nimemwomba simu. Nimepanga miraba sakafuni, nimepanda kiti, nimepiga picha kutoka juu. Mguu wangu umeingia kidogo kwenye picha, na ile ndara ya Dubai. Si kitu. Nani hujua mguu?

Nimeandika kwamba mimi ni mama fulani wa Kwanza, nimesikia sifa za Viola katika mambo ya rangi, fundi wangu ni hodari sana, ametembea dunia, lakini ana shughuli nyingi, je, mikanda na pindo viwe vya rangi gani? Ni zawadi ya mwalimu anayestaafu. Nimetuma. Peris amesema nimejisifu hata nikiwa mwanamke.

Jibu limekuja kabla sukuma wiki ya mteja haijakatwa. Peris amelisoma kwa sauti, nami nimelinakili hapa neno kwa neno:

"Mama, mikanda iwe ya kijivu, ile ya kaptura. Hakuna shule ambayo mwalimu huyo amefundisha na wavulana hawakuvaa kaptura ya kijivu. Hiyo itawaweka wote darasa moja. Pindo liwe jeusi pana, na ndani yake mstari mweupe mwembamba, kama ubao na chaki. Pale mikanda inapokutana, aweke kiraba chekundu kidogo, ndiyo kalamu ya kusahihisha. Na hicho chekundu akiloweke kwenye maji ya chumvi kwanza. Yeye husahau."

Peris amecheka mpaka ameketi juu ya kabichi. Sijui nini kilimchekesha. Mimi mwenyewe sentensi ya mwisho sikuielewa. Yeye nani?

Lakini kijivu! Ubao na chaki! Ni wazo ambalo lilikuwa karibu sana kunijia. Lilikuwa kwenye ngazi.

Jumanne, 18 Novemba

Maafa!

Kijivu kimekaa kama maji. Kila safu imepumua. Ya maruni imekuwa maruni, ya bluu imekuwa bluu, hata drafti ya njano imetulia kama mtoto aliyeonyeshwa kiboko. Nimeweka viraba vyekundu, ishirini na vinne. Nimezungusha mstari mweupe, nimezungusha pindo jeusi. Nimelowesha kitambaa, nimewasha pasi ya makaa, nimekandamiza kama nilivyofundishwa Dubai.

Chekundu kimetoa damu. Viraba vya pembeni vimetiririka mpaka kwenye mstari mweupe. Chaki imekuwa ya waridi upande mzima. Kuloweka? Nani aliniambia habari za kuloweka? Nimerudi ukurasa wa nyuma. Ni kweli, imeandikwa. Ajabu.

Nimeketi sakafuni. Kusema kweli nimelia kidogo, lakini moshi wa pasi pia ulikuwepo.

Gicheru amesikia. Nilijua atakuja kucheka. Hakucheka. Ameangalia ubao, ameangalia chaki ya waridi, ameuliza taratibu kama hii ndiyo ya Bungoma, ya kumrudisha Mama Ian. Ametoka, amerudi na kitambaa cheupe kizito, cha makoti ya maabara, na chekundu kingine ambacho yeye hukiloweka wiki nzima kabla ya kukiuza. Tukafumua pamoja. Akataka kuketi kwenye cherehani ya Viola ili twende haraka. Nikamwambia hiyo haikaliwi. Hakubisha. Amebeba mashine yake ile ndogo kutoka kwake, ameiweka karibu na yangu, tumeshona mpaka mafundi wengine wote wamefunga. Mstari wake umenyooka kuliko wangu. Hili liko katika shajara tu.

Wakati wa kufunga, mwalimu mmoja wa shule ya wasichana alipita ngazini akasimama, akasema ee, ni kazi ya nani hii? Nikasema ni yangu. Gicheru alikuwa anaokota pini chini. Aliinua macho, akarudi kuokota.

Ijumaa, 21 Novemba

Liko ukutani. Ninaliangalia nikinywa chai. Ubao, chaki, kalamu nyekundu, shule saba. Nimeona mapazia ya hoteli yaliyoletwa na ndege. Hayafikii hapa.

Baba mdogo amepiga simu. Ameongea na Bungoma. Mambo yanaelekea vizuri, amesema, vizuri kuliko ninavyostahili. Ameniomba jambo moja: nikiulizwa lolote kesho, nijibu kwa ufupi na nijibu ukweli. Nikamwambia ukweli ndio kazi yangu. Akakohoa, akaniambia nilale mapema.

Nimetayarisha hotuba. Shukrani kwa Mungu, kwa chifu, kwa wageni wa mbali na karibu, halafu mke wangu. Ili nisisahau, nimeandika VIOLA kwa kalamu kwenye kiganja cha kulia. Herufi kubwa. Mtu asiseme sijali.

Jumapili, 23 Novemba

Jana sikuandika.

Hema tatu. Walimu wakuu watano niliowahesabu, na afisa wa elimu mwenye tai. Wali, kuku, ugali wa wimbi. Mama mkwe ameketi mbele, gauni la kijani, miwani yenye mnyororo. Mimi nimeketi hema la tatu pamoja na baba mdogo, kama inavyotakiwa, mbali. Viola alikuwa meza ya chai. Amepungua. Amesuka nywele kwa mstari. Alinisalimia, akasema, "Sasa, Baba Ian, umekula?" Nikasema bado. Akanipakulia mwenyewe, paja la kuku na nyongeza ya mchuzi. Miezi mitatu sijapakuliwa chakula. Nikala polepole ili kisiishe.

Chini ya meza ya chai kulikuwa na mfuko wa bluu. Umejaa, zipu imefungwa. Juu yake viatu vya Ian, vimefungwa pamoja kwa kamba. Nikadhani vimeondolewa kwenye viti ili wageni wakae.

Zamu yetu ikafika. Baba mdogo akasimama kwa niaba ya wakwe, akasema tumeleta pambo la ukuta. Wanawake wawili wakalifungua, wakalishika huku na huku. Hema zima likanyoosha shingo. Halafu mzee mmoja, mwalimu wa zamani, akasema kwa sauti, "Huo ni ubao!" Ikawa kelele. Watu wakasimama kutafuta shule zao. Kaptura! Angalia kaptura! Kalamu nyekundu! Afisa wa elimu akatoa simu akaanza kurekodi.

Mama mkwe alivua miwani akaifuta. Akavaa. Akasogea karibu, akapitisha kidole kwenye ile chaki nyeupe pembe hadi pembe, kama mtu anayesoma. Alilia, kama nilivyopanga. Nikatazama Viola. Naye alikuwa ananitazama. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye mpini wa mfuko.

Mama mkwe akaomba maiki. Hakuja upande wetu, aliheshimu, alisema kutoka kule mbele, kwa sauti ya darasani.

"Baba Ian, nakuuliza kama mwalimu. Hii mikanda ya kijivu, na huu ubao na chaki. Ni wazo la nani?"

Maiki ikaletwa kwangu. Naapa ulimini jina lilikuwepo. Nilikuwa nimeshaweka meno ya juu kwenye mdomo wa chini, tayari kwa ile V. Lakini simu ya afisa ilinigeukia. Walimu wakuu watano waligeuka. Na kiganja chenye jina ndicho kilichoshika maiki. Mdomo ukanitoka kama mbuzi aliyeona lango wazi.

"Ni langu, Mama. Nililiota."

Makofi. Makofi mengi sana. Baba mdogo hakupiga. Alikuwa anaangalia kofia yake magotini.

Mama mkwe alingoja makofi yaishe. Alingoja vizuri, kama wanavyongoja walimu.

"Haya," akasema. "Keti."

Nilipogeuka, meza ya chai haikuwa na mtu. Mfuko wa bluu ulikuwa unaelekea mlango wa jikoni, na viatu vya Ian vikibembea kandokando.

Nilimtuma mtu amwite. Alirudi na jibu kwamba Mama Ian anaosha vyombo, na vyombo ni vingi.

Njiani baba mdogo alisema maneno machache. Kwamba picha ilipofika kwenye simu, mama na binti walikuwa meza moja wakichambua mchele, na ndara ile waliijua wote wawili. Kwamba ubao na chaki ni wazo la Viola akimfikiria mama yake. Kwamba walikubaliana: nikisema jina, mfuko unapanda nyuma ya gari, na mama mkwe mwenyewe atamfunga Ian viatu. "Neno moja tu, Mukhisa," alisema. "Hata sentensi haikutakiwa."

Kiganja nilikifungua huko nyumbani. Jina limefutika, limebaki VIO.

Jumatano, 26 Novemba

Nimefikiria kwa siku tatu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Pindo. Lilikuwa jembamba kwa vidole viwili. Mtu wa mbali hakuliona vizuri, na Viola alikuwa mbali, meza ya chai. Pia kutuma picha yenye mguu. Mtu hujifunza.

Lakini habari ni njema! Walimu wakuu wawili wamepiga simu, wote wanataka pambo kama lile. Mchoraji wa mabango amekuja leo, mlangoni sasa imeandikwa: MUKHISA, MWANZILISHI WA UBAO NA CHAKI, KITALE, BUNGOMA NA DUNIANI. Gicheru ameisoma mpaka mwisho. Ameuliza kama kuna nafasi ndogo hapo chini ya kuandika mstari mweupe ulishonwa na nani. Nimemwambia mabango huuzwa kwa herufi. Amecheka, lakini si kicheko chake cha kawaida, na mchana hakuleta chai.

Huyu mwalimu mkuu wa kwanza amefundisha shule nne, na hataki kijivu. Anataka kitu kipya. Nimeshuka kwa Peris. Safari hii nimepiga picha bila viatu. Nimeandika kwamba mimi ni yule mama wa Kwanza, fundi wangu amesifiwa Bungoma nzima, sasa tunaomba mikanda na pindo vya kazi nyingine.

Jibu limechukua saa mbili. Peris hakulisoma kwa sauti. Amenipa simu nikasoma mwenyewe.

"Mwambie fundi achague mwenyewe."

Peris amenitazama kwa huruma, akanipa na nyanya tatu bure. Hajaelewa. Soma vizuri! Achague mwenyewe! Amekubali kwa maandishi kwamba mchaguzi ni mimi. Nimemwomba Peris asiufute huo ujumbe. Kesho nautoa kwenye karatasi, nautia fremu, nautundika kando ya cheti.

Cherehani ya kona nimeipaka mafuta ingawa si Jumatatu. Inazunguka bila sauti.

Miraba ya yule mwalimu mkuu nimeipanga sakafuni tangu saa tatu asubuhi. Nimeweka njano, nimeondoa. Nimeweka bluu, nimeondoa. Nimeenda hata kusimama pale mlangoni na kikombe, nikafinya macho. Rangi zinanitazama tu.

Kuchagua ni kazi ya dakika tano. Nitachagua kesho.